Kabla ya tatuu, ijaribu kwa hina

Ukishindwa kuchagua kati ya tatuu ya mistari minene, ya mistari myembamba kama uzi au ya nukta nukta, mpe mchora hina mchoro wenyewe auchore palepale unapoutaka, kwa ukubwa uleule. Hapa Tanga, Ngamiani hawakosekani, ila wengine watataka kukuongezea maua, kataa. Hina hutia rangi ngozi ya juu tu, ile inayojibandua yenyewe, hivyo ndani ya wiki moja hadi tatu imekwisha. Wino wa tatuu hukaa tabaka la chini. Siku hizo utaona mchoro unavyopinda ukikunja mkono, na kama maandishi yanasomeka mtu akiwa hatua mbili tatu. Yakibanana kwenye hina, yakuze au achana nayo, maana hata wino wa tatuu hutanuka kidogo kadiri miaka inavyopita.

Kwa mtindo wa vivuli au wa rangi nyingi njia hii haisaidii. Begani pia hina hukolea kidogo kuliko kiganjani. Na sema hina ya majani, si piko, ile nyeusi: piko yenye rangi ya nywele huweza kuunguza ngozi na kuacha kovu.