Kadi ya krediti unayo ila huitumii, uifunge au uiache? Hatua kwa hatua kwa tulioko Marekani

Kazi yangu ni kuwasaidia Waswahili wenzangu huku Marekani kupanga mambo yao ya krediti, na hili swali halipoi: "nina kadi kadhaa, natumia moja tu, hizi zingine si bora nizifunge?" Wengi tumelelewa tukijua deni ni aibu, kwa hiyo mtu akimaliza kulipa kadi anataka apige simu benki siku hiyohiyo aifunge apumue. Nia ni nzuri kabisa, ila mfumo wa huku haupimi hivyo, unaweza kufunga kadi ambayo hujawahi kuchelewa kuilipa hata siku moja na skoo yako, ile namba wakopeshaji wanayokupimia, ikashuka. Sasa kabla hujapiga hiyo simu pita hizi hatua, na uzifuate kwa mpangilio huuhuu.

Hatua ya 1: Vuta ripoti zako

Ingia AnnualCreditReport.com, chukua ripoti zako zote 3 za krediti, ya Equifax, ya Experian na ya TransUnion, hizo ndizo kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo yako. Ni bure, na siku hizi unaruhusiwa kuvuta kila wiki, kwa hiyo tovuti yoyote inayokuomba namba ya kadi kwanza ndio ikupe ripoti achana nayo. Chukua karatasi, kila kadi iandikie ilifunguliwa lini, limiti yake ngapi, inadaiwa ngapi, ina ada ya mwaka au haina, na kuna bili gani zinakatwa humo. Usiruke hii hatua kwa sababu unadhani unazijua kadi zako, watu wengi hapa ndio wanakutana na kadi ya duka waliyofungua siku ile wanapewa punguzo kwenye kaunta, wakaisahau kabisa.

Hatua ya 2: Jua nini kitaguswa

Skoo ya FICO, ambayo ndio wakopeshaji wengi wanaiangalia, inaanzia 300 mpaka 850. Asilimia 35 ni kama unalipa kwa wakati, 30 ni unadaiwa kiasi gani, 15 ni urefu wa historia yako, 10 ni krediti mpya na 10 ya mwisho ni mchanganyiko wa aina za mikopo. Ukifunga kadi, kinachoguswa haraka ni ile 30, kwa sababu ndani yake wanaangalia unatumia sehemu gani ya limiti uliyopewa.

Tupige hesabu kidogo. Una kadi 3, moja limiti $5,000, nyingine $3,000, nyingine $2,000, jumla $10,000. Unatumia hizo mbili ndogo, na siku bili inatoka zinasoma $1,500 zikijumlishwa. Hapo uko asilimia 15, uko vizuri. Sasa unaamua kuifunga ile ya $5,000 kwa sababu huigusi. Limiti imebaki $5,000, deni ni lilelile $1,500, umeruka mpaka asilimia 30 bila kununua hata soda. Na usiseme mimi nalipa yote kila mwezi hainihusu, inakuhusu, kwa sababu benki kwa kawaida inaripoti kile kilichoandikwa kwenye bili siku inapotoka, hata kama kesho yake utakilipa chote.

Kuhusu umri wa kadi watu wanatishana sana bila sababu. Kadi iliyofungwa ikiwa safi inaweza kukaa kwenye ripoti mpaka miaka 10, na FICO inaendelea kuuhesabu umri wake muda wote huo. Kwa hiyo historia haifutiki siku unayofunga. Ila VantageScore, skoo ya aina nyingine ambayo ndio unaiona kwenye apu nyingi za bure, inaweza isiihesabu kadi iliyofungwa namna hiyohiyo, ndio maana mtu anaweza kuona namba ya kwenye apu imeshuka wakati kwa mkopeshaji hali ni nyingine.

Hatua ya 3: Unaomba mkopo hivi karibuni?

Kama ndani ya miezi kama sita au mwaka unataka kununua nyumba au gari, ishia hapa, usifunge chochote na usifungue chochote. Kwenye mkopo wa nyumba wa miaka 30 hata tofauti ndogo ya riba ni maelfu ya dola, usiiweke hatarini kwa ajili ya kadi iliyolala kwenye droo. Ukishapata funguo rudi uendelee na hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Hiyo kadi inakugharimu nini?

Haina ada, haikusumbui, iache. Mimi kwa hizi huwa sibishani, kadi ya bure yenye limiti nzuri inakusaidia hata ikiwa imelala.

Ina ada ya mwaka na huoni faida yake, hapo usikimbilie kufunga, piga simu uulize kama wanaweza kuibadilisha iwe kadi yao isiyo na ada, wenyewe wanaita prodakti chenji. Mara nyingi akaunti inabaki ileile, umri uleule, na hawakufanyii ukaguzi mpya wa krediti, lakini waulize hilo waziwazi kabla hujasema ndiyo. Kama ada imeshaingia kwenye bili usikate tamaa, benki nyingi zinairudisha ukibadilisha au ukifunga ndani ya siku kama 30, kwa hiyo piga mapema.

Kadi za dhamana, zile unaweka pesa yako benki kwanza ndio wakupe limiti, nizikalie kidogo kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tulipoanzia. Ndugu zetu wengi waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo, mstari wa kwanza kwenye ripoti zao ni ule mkopo wa tiketi ya ndege wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, halafu inafuata kadi ya dhamana ya $200 au $300. Miaka imepita, sasa ana kadi nzuri, anataka pesa yake ya dhamana irudi na njia anayoijua ni kufunga. Ulizia kwanza kama wanaweza kuigeuza iwe kadi ya kawaida. Wakikubali unarudishiwa dhamana na akaunti yako ya zamani inaendelea kuishi. Wakikataa, na ina ada juu, ifunge tu, limiti ya $300 haitakuyumbisha ukiwa na limiti kubwa kwingine.

Halafu kuna gharama isiyoandikwa kwenye bili. Kama ukiwa na hiyo kadi huwezi kujizuia, kila ukilipa unaijaza tena na riba inapita asilimia 20, ifunge. Nasema hivyo bila kusita. Skoo inarudi ukiwa unalipa vizuri, ila riba uliyokwisha kulipa hairudi. Vilevile kadi ya pamoja na mtu mliyeachana naye, lipeni, fungeni, kwa sababu akiendelea kutumia na wewe unadaiwa.

Hatua ya 5: Ukiamua kuiacha, iweke hai

Kadi isiyotumika benki inaweza kuifunga yenyewe kwa sababu imelala, na hawalazimiki kukuambia kabla. Unashtukia limiti imeondoka. Weka humo bili moja ndogo, ya simu au ya muziki, washa malipo otomatiki ya bili yote, sio kile kiwango cha chini, na washa taarifa za meseji kila kadi inapotumika ili mwizi akiigusa ujue. Ila tafadhali usiiweke hai kwa kutuma pesa nyumbani. Ukituma pesa kwa kadi ya krediti mara nyingi inahesabiwa kama umetoa keshi, kuna ada yake na riba inaanza siku hiyohiyo.

Kama mojawapo ya zilizolala haikati ada ya miamala ya nje, hiyo itunze hasa. Kadi nyingi zinakata karibu asilimia 3 ukilipa nje ya Marekani, na ukiwa Dar au Mombasa unalipia hoteli utaona tofauti yake.

Hatua ya 6: Ukiamua kuifunga, funga hivi

Hamisha bili zote zilizokuwa zinakatwa humo. Tumia pointi zako kabla, za benki zinaweza kupotea akaunti ikifungwa, maili zilizokwisha kuingia shirika la ndege hizo ni zako. Lipa deni mpaka sifuri, halafu subiri bili moja zaidi, kwa sababu kama ulikuwa unabeba deni kuna riba ya zile siku kati ya bili na malipo, inakuja baadaye, dola mbili tatu, mtu haioni anahesabiwa amechelewa. Kama umelipa zaidi na sasa wewe ndiye unaidai benki, omba kwa maandishi, ikizidi $1 wanatakiwa wakurudishie ndani ya siku 7 za kazi.

Ndio sasa piga namba iliyo nyuma ya kadi. Watakuhamishia kwa mtu wa kukubembeleza, msikilize, wakati mwingine anakufutia ada, na ukiona ofa haikufai mwambie asante nataka kufunga. Andika tarehe, jina lake na namba ya kumbukumbu, omba barua au emaili ya uthibitisho. Ukiwa na kadi mbili za kufunga usizifunge wiki moja, acha miezi ipite uone skoo inakaaje. Kuikata kadi kwa mkasi fanya mwisho kabisa, na upitishe mkasi kwenye chipu, kukata peke yake hakufungi akaunti.

Baada ya mwezi au miwili vuta tena ripoti zote 3. Inatakiwa isome imefungwa kwa ombi la mwenyewe na deni sifuri. Ikisoma vingine, peleka malalamiko kwa kila kampuni ya ripoti yenye kosa pamoja na ule uthibitisho wako, kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza na kukujibu.