Nta kwenye ushanga wa tisa

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita hapa Tabora wanakijua kimeng'enya kama kisu: amilesi inakata wanga, pepsini inakata protini, basi. Vile vinavyobandika kitu kidogo kwenye tRNA (uzi mfupi wa RNA unaobeba asidi amino wakati protini inatengenezwa) ndani ya mitokondria vilikuwa vinawapita kushoto. Nimeacha kueleza, siku hizi tunaunda.

Tafuta waya laini (ule wa kusukia mota unafaa), shanga 76 zenye tundu pana, uzi, sindano na nta ya nyuki. Nta kwetu haisumbui. Muuza asali wangu hunikatia bonge kama kidole gumba huku akiniuliza, "Mwalimu, mishumaa tena?" Kila ushanga ni herufi moja ya tRNA. Hizo 76 ni kwa hesabu ya kawaida, hii tunayounda, inayobeba asidi amino iitwayo lisini, ni fupi kidogo, ila namba ndizo hizo hizo.

Tunga shanga kwenye waya. Funga kwa uzi wa 1 na wa 72, wa 2 na wa 71, hivyo hivyo hadi wa 7 na wa 66. Kisha mwachie mwanafunzi. Ataendelea na njia iliyo mbele yake, afunge wa 9 na wa 64, maana wa 9 ni herufi adenini na wa 64 ni urasili, nazo hushikana, na mkononi atabaki na kitu kirefu kama pini ya nywele. Ndivyo tRNA ya lisini ya binadamu inavyojikunja isipoguswa, na umbo hilo halifai kwa kazi.

Kata nyuzi, anza upya. Safari hii ziba kwanza tundu la ushanga wa 9 kwa nta. Punje ya ulezi inatosha. Nta hii ni methili, na methili yenyewe ni kaboni 1 na haidrojeni 3. Kimeng'enya TRMT10C, kikisaidiwa na protini SDR5C1, huibandika pale pale ambapo adenini ingeshikana na urasili. Sindano ikigoma, funga wa 10 na wa 25, wa 27 na wa 43, wa 49 na wa 65, uendelee ndani kwa kila jozi: vitanzi vitatu vinachomoza.

Hesabu kutoka mwanzo! Mwaka jana nilianzia mkiani, nikaziba wa 68, kipindi kikaisha tunachokonoa nta kwa pini.

Muda ukibaki, paka wino ushanga wa 34. Hapo vimeng'enya MTO1 na GTPBP3 huweka pambo lenye taurini, kisha kingine, MTU1, huongeza salfa. Herufi namba 8344 ya DNA ya mitokondria ikigeuka kutoka A kuwa G, tRNA hii hukosa pambo hilo, na mgonjwa hupata kifafa na misuli ya kushtuka-shtuka. Wino tu, lakini. Wa 34 usiuzibe: ni mmoja wa zile zinazosoma kodoni, yaani herufi tatu zinazotaja asidi amino.