Kuchagua na Kufunga Kompyuta Iliyotumika: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Wakazi wa Tanga

Kompyuta nyingi ninazoletewa hapa Ngamiani ni zile zilizokwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo kabla ya kufika kwetu, na wenye nazo huniuliza maswali yale yale: ipi bora, kwa nini inafanya kazi polepole, na kwa nini imezima baada ya umeme kurudi. Binafsi sina tatizo na kompyuta ya mtumba. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi, kama vile Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad, hufunguka kwa bisibisi ya kawaida, vipuri vyake hupatikana, na mara nyingi hudumu kuliko mpya ya bei ya chini yenye umbo zuri la plastiki. Ninachokisisitiza kwa kila mteja ni kwamba fedha ya ziada anayotaka kuiweka kwenye prosesa kubwa (chipu inayofanya hesabu zote) aiweke kwenye SSD (diski isiyozunguka), RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) na ulinzi wa umeme.

Hatua ya 1: Taja kazi kwanza

Swali la "fundi, nichukue i5 au i7?" (majina ya prosesa za Intel) halijibiki kabla ya kujua mashine itafanya nini na itakaa wapi. Mwenye steshenari, ambaye kompyuta yake haitoki mezani, anafaidika zaidi na kompyuta ya mezani, kwa kuwa ni rahisi kutengeneza na kibodi yake ikiharibika hubadilishwa siku hiyo hiyo bila kufungua chochote. Mwanafunzi wa chuo au mwalimu anayesahihisha kazi nyumbani anahitaji kompyuta mpakato. Kwa kuandika, mahesabu na intaneti, RAM ya GB 8 ndiyo kima cha chini ninachokikubali siku hizi. Anayehariri video aanzie GB 16.

Hatua ya 2: Soma namba, usisome stika

Stika ya i7 huuza kompyuta nyingi zisizostahili bei yake. Fungua sehemu ya maelezo ya mfumo na usome jina zima la prosesa, kwa sababu tarakimu inayofuata kistari (au mbili za kwanza, kuanzia kizazi cha 10) ndiyo inayoonyesha kizazi chake. Core i7-4600U ni ya kizazi cha 4 na ina viini (sehemu za ndani zinazofanya kazi) viwili tu, ilhali Core i5-8250U ni ya kizazi cha 8 na ina viini vinne. Anayelipa zaidi kwa ajili ya ile ya kwanza kwa sababu ya jina la i7 amenunua mashine dhaifu kwa bei ya mashine yenye nguvu.

Kizazi kina uzito wa pili pia. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 hukubali rasmi prosesa za kuanzia kizazi cha 8, pamoja na sharti la TPM 2.0 (chipu ya usalama). Kwa hiyo kama tayari unayo mashine ya kizazi cha 4 au cha 6, haina haja ya kutupwa, kwani Linux Mint (mfumo endeshi wa bure) huenda nayo vizuri kwa kazi za kuandika na intaneti. Lakini kama ndiyo kwanza unanunua, usishuke chini ya kizazi cha 8.

Hatua ya 3: Kagua mbele ya muuzaji

Muuzaji asiyetaka kompyuta ikaguliwe anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Njoo na flashi yako, na usione haya kukaa dukani kwa muda.

Anza kwa kuizima kabisa, kisha uiwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuingilia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine): F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikikudai nenosiri, ofisi iliyoimiliki zamani haikuliondoa, na wewe usiichukue hata kwa bei ya kutupa. Ikiingia, angalia kama tarehe na saa ni sahihi; zikiwa zimerudi miaka mingi nyuma, betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani) huenda imekwisha, jambo ambalo ni dogo na la gharama ndogo.

Baada ya hapo, fungua ukurasa mweupe ujaze kioo kizima ili madoa yajitokeze, jaribu kila herufi ya kibodi, chomeka flashi katika kila tundu la USB, na ufungue na kufunga kioo taratibu ukisikiliza bawaba. Kwa betri ya kompyuta mpakato, fungua kidirisha cha amri (Command Prompt) na uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakayotengenezwa huonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa wa sasa umeshuka chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya ndani ya mapatano yenu. Mwisho acha video icheze kwa robo saa, kisha weka kiganja chako karibu na mahali pa kutolea hewa ya moto. Feni inayopiga kelele bila kutoa hewa mara nyingi imejaa vumbi.

Dai risiti ya EFD, na umwombe muuzaji aandike juu yake namba ya mashine na muda wa dhamana.

Hatua ya 4: Angalia chumvi

Hatua hii huikuti katika miongozo ya watu wa bara, lakini kwetu ni ya lazima. Kompyuta iliyokaa katika nyumba zinazopokea upepo wa bahari, kama zile za Raskazone na Sahare, hupatwa na unyevu wenye chumvi, na dalili zake huonekana kwa macho. Tazama matundu ya USB na skrubu za nyuma kwa tochi ya simu: ukiona unga mweupe au doa la kijani kwenye chuma, omba ifunguliwe. Chomoa RAM na uishike kwa kingo zake. Ile safu ya meno ya rangi ya dhahabu inatakiwa ing'ae. Ikiwa imefifia, isugue polepole kwa kifutio safi cha penseli, upande mmoja baada ya mwingine, kisha ifute kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti, na uiache ikauke kabla ya kuirudisha. Kompyuta za mezani zinazokataa kuwaka huku zikitoa mlio wa bip mara nyingi hupona kwa kazi hiyo tu. Lakini kijani kikiwa kimeenea juu ya mazabodi yenyewe, irudishe mezani na uage.

Ukishaipeleka nyumbani, usiiweke kwenye dirisha linalotazama bahari, na usiifungie kabatini kwa miezi. Mashine inayowashwa mara kwa mara hujikausha kwa joto lake yenyewe.

Hatua ya 5: Badilisha diski, ongeza RAM

Kompyuta inayochukua dakika kadhaa kuwaka mara nyingi ina diski ya zamani ya kuzunguka. Badilisha kwa SSD. Ile ya inchi 2.5 ya SATA (aina ya muunganisho wa diski) husoma kiasi cha MB 550 kwa sekunde, nayo hukaa pale pale palipokuwa na diski ya zamani. Zile nyembamba za M.2 zipo za SATA na za NVMe (muunganisho wa kasi zaidi), zinafanana sana kwa umbo, na si kila tundu hupokea zote mbili, hivyo soma maelezo ya mashine yako kabla ya kununua.

Kabla ya kugusa ndani, zima, chomoa chaja, tenganisha betri, na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. RAM ya DDR3 (aina ya zamani) haiingii kwenye tundu la DDR4 (aina iliyofuata), kwa kuwa pengo lake limewekwa mahali tofauti kwa makusudi. Ukiona inagoma, usiilazimishe. Kwenye kompyuta mpakato huingizwa ikiwa imeinama, kisha hulazwa chini mpaka vishikizo viwili vya pembeni viibane.

Ukisimika Windows ya toleo lile lile lililokuwepo, leseni ambayo tayari imesajiliwa na mazabodi hujitambua yenyewe kompyuta inapopata intaneti, kwa hiyo usilipie tena.

Hatua ya 6: Panga umeme kabla ya kuwasha

Umeme wetu ni wa volti 230. Kompyuta ya mezani iliyotoka Marekani inaweza kuwa na swichi ndogo nyekundu nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme. Ikisomeka 115, isogeze iwe 230 kabla ya kuchomeka, kwa sababu ukikosea hapo pawa saplai (kifaa cha ndani kinachopokea umeme) huungua papo hapo.

Kwa kompyuta ya mezani ya ofisi na kioo chake, UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika) ya VA 650, kipimo cha uwezo wake, hutosha kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Haikukusudiwa kukuendeshea ofisi mpaka umeme urudi. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hiyo, kwani inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na huweza kuizima pamoja na kompyuta. Ichomeke ukutani kupitia stabilaiza. Betri ya UPS huchoka baada ya miaka michache, nayo huuzwa peke yake.

Hatua ya 7: Printa na intaneti

Kwa steshenari, nunua printa ya tangi la wino au ya leza, kwa sababu zile za katriji ndogo huuzwa rahisi na kulishwa ghali. Ya wino iendeshwe walau kurasa chache kila wiki, la sivyo wino hukauka kwenye kichwa chake.

Ruta iwekwe juu, katikati ya nyumba. Katika nyumba za zamani zenye kuta nene za mawe, masafa ya 2.4 GHz hupenya vizuri kuliko ya 5 GHz, ingawa ni ya polepole. Na kama chumba cha kompyuta kiko mbali, vuta waya wa mtandao, ambao hufanya kazi hadi mita 100.