Pawa stelingi inavuja? Tafuta kuanzia juu kabla hujaisingizia raki

Kama gari ukikata kona inalia wiiii na usukani umeanza kuwa mzito, hasa ukiwa unapaki, fungua boneti uangalie kikopo cha mafuta ya stelingi kwanza. Mafuta haya hayatumiki yakaisha kama petroli, yanazunguka tu humo humo, kwa hiyo yakishuka chini ya alama ya MIN ujue kuna sehemu yanatokea. Na kuongeza kila wiki sio tiba jamani, maana pampu inalainishwa na mafuta hayohayo, ikikauka inajisaga afu unga wa chuma unaenda mpaka kwenye raki (kile chuma cha chini kinachogeuza magurudumu), ndo hapo hozi moja mbovu inakuja kukuharibia mfumo mzima.

Hakikisha lakini stelingi yako ni ya mafuta, gari nyingi za siku hizi ni ya umeme, haina kikopo wala hozi. Pia hakikisha kinachodondoka ni mafuta ya stelingi kweli. Gari nyingi zinatumia ATF ambayo ni nyekundu, na gia boksi ya otomatiki nayo inatumia ATF, sasa ukiona wekundu chini ya gari usikimbilie kusema stelingi. Yakizeeka yanakuwa ya kahawia au meusi kabisa unadhani oili ya injini. Shahidi mzuri ni kikopo, weka alama ya kalamu kwenye usawa wa mafuta, endesha kidogo, subiri injini ipoe kama ilivyokuwa mwanzo afu angalia tena.

Sasa kazi yenyewe. Injini ikiwa imepoa na imezimwa, funika alteneta na nailoni, puliza dawa ya kuondoa grisi kwenye pampu, hozi zote na raki, sugua, suuza, acha ikauke vizuri. Usiruke hii hatua hata kama unaona uvivu, coz kwenye uchafu wa zamani kila kitu kinaonekana kinavuja. Jaza mafuta mpaka alama ya baridi, tandika boksi jeupe chini, mtu mmoja awashe gari azungushe usukani taratibu mwisho mpaka mwisho, asiushikilie pale mwisho zaidi ya sekunde 5 maana presha inapanda juu kabisa na pampu inaumia. Wewe mulika na tochi, anzia kwenye kikopo, shuka hozi, pampu, mwisho raki. USIPAPASE HOZI KWA MKONO injini ikiwa inaunguruma!! Tundu dogo kama la sindano linaweza kurusha mafuta yakapenya ndani ya ngozi, na ikitokea hivo ni hospitali saa hiyohiyo hata kama hausikii maumivu. Nguo na nywele mbali na fenbelti pia.

Mafuta yanatiririka kufata chini, na raki mara nyingi iko chini kuliko vyote, ndo maana inasingiziwa sana na watu wanabadilishiwa raki nzima kumbe ni klipu ya juu imelegea. Ukitaka kujua kama ni raki yenyewe, legeza klipu ya ile raba ya mikunjo pembeni. Mafuta yakimwagika kutoka ndani ya raba, sili za raki (raba za ndani zinazozuia mafuta) zimekwisha. Ndani kukavu na nje kumelowa, rudi juu. Na angalia muda wa kuvuja: ikivuja hata imezimwa usiku kucha, shuku kikopo kilichopasuka au hozi ya kurudisha (inayorudisha mafuta kwenye kikopo), ikivuja pale tu unapokata usukani, shuku hozi ya presha (inayotoka kwenye pampu kwenda kwenye raki). Kama inalia na mafuta yana povu ila matone huyaoni, mara nyingi ni o-ringi (pete ya mpira ya kuziba) au hozi inayotoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu, inavuta hewa.

Kutengeneza: hozi ya kurudisha ni rahisi, badilisha na klipu zake, ila nunua hozi ya mafuta ya stelingi, ya maji italainika na kupasuka. Hozi ya presha usiifunge na klipu wala mpira, haitahimili, nunua nyingine au ipeleke kwa wanaobana hozi za hidroliki kwa mashine, na weka washa (pete za kuziba kwenye maungio) mpya. Pampu ikivuja kwenye shafti nyuma ya puli inawekwa sili mpya, ikiwa pia inanguruma afadhali badilisha pampu. Raki mwachie fundi, na ikitolewa usukani ufungwe usizunguke, kuna waya wa eabegi umeviringishwa ndani utakatika, halafu baadae upime alaimenti (unyookaji wa magurudumu). Zile dawa za kuziba mvujo zinavimbisha sili tu kwa muda, hozi iliyopasuka haziwezi kabisa, mimi sizishauri.

Mafuta weka yaliyoandikwa kwenye mfuniko au kitabu cha gari, sio kila gari inakubali ATF, Honda kwa mfano wana ya kwao, ukiweka tofauti sili zinaweza kuharibika.

Kisha toa hewa. Nyanyua mbele na jeki, weka stendi, injini imezimwa, zungusha usukani mwisho mpaka mwisho kama mara 20 huku unaongeza mafuta yanaposhuka. Yakitulia bila mapovu ndo uwashe, urudie polepole. Povu likirudi, zima injini, subiri lipotee afu uendelee, ukilazimisha pampu italia tena. Endesha kidogo, tandika boksi jingine usiku, asubuhi angalia.

Na kama umekuta yanadondokea kwenye bomba la ekzosi, gari isitembee hata kwenda kwa fundi, ivutwe, mafuta haya yakiangukia ekzosi ya moto yanaweza kuwaka.