Kumsaidia mwanamke wa Kihadzabe aliyefanyiwa ukatili: mwongozo kwa wasaidizi wa kisheria na watendaji wa vijiji

Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ni watu wapatao 1,300 tu, na baadhi yao bado wanategemea uwindaji, asali, ubuyu na mizizi inayochimbwa na wanawake. Kabla hujaingia kambini kumsaidia mwanamke aliyepigwa au kubakwa, fahamu kwanza kinga aliyokuwa nayo tangu zamani. Wahadzabe hawana chifu, na mara nyingi wanandoa huishi kambi moja na mama wa mke. Mume akizidi ukali, mke huondoka na kwenda kambi nyingine kwa ndugu zake, na ndoa huishia hapo. Kinga hiyo inahitaji ardhi. Kila eneo linapogeuzwa shamba au malisho, kambi za kukimbilia hupungua, na pombe inayoletwa na wachuuzi wanaofuata fedha za watalii humkuta mwanamke akiwa hana pa kwenda. Ndiyo maana naamini kwamba kupambana na ukatili na kumpatia mwanamke kiti katika baraza la ardhi, chombo cha kijiji kinachosuluhisha migogoro ya ardhi, ni kazi moja.

Tukio likiwa ni la kubakwa, anza kuhesabu saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza kutumiwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba zina mwisho wa saa 120. Saa hizo huliwa na mwendo wa miguu porini, kusubiri bodaboda na kutafuta nauli, kwa hiyo mambo hayo yapange kabla ya tukio: nauli ya dharura ikae kwa mtu anayeaminika, namba za waendesha bodaboda wawili zijulikane, na uulize mapema ni kituo kipi cha afya chenye dawa, kwa sababu si kila zahanati inazo. Mwombe kwa upole asioge wala kufua nguo alizovaa, na nguo hizo zitiwe katika bahasha ya kaki, si katika plastiki, ambayo hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Fomu ya PF3, inayotolewa na polisi ili daktari aandike alichokiona, ni muhimu kwa kesi, lakini mwenzako mmoja aifuatilie wakati mgonjwa anaendelea kuhudumiwa.

Jambo ambalo nimeona likiharibu kesi kuliko yote ni mkalimani. Kihadzabe hakina udugu na lugha yoyote ya majirani, hivyo askari hawezi hata kukisia kinachosemwa. Niliwahi kuketi katika ofisi moja ambamo mama mmoja alieleza kwa muda mrefu, fimbo yake ya kuchimbia mizizi ikiwa imelala mapajani na vidole vyake vikirudi kila mara kwenye ncha iliyochongwa. Aliponyamaza, shemeji yake aliyekuwa akimtafsiria alimgeukia askari na kusema, "Anasema walikosana." Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoandikwa.

Kwa hiyo tafuta mapema wanawake wawili wanaojua Kihadzabe na Kiswahili, wasio ndugu wa upande wowote, na uwaeleze wajibu wa kutunza siri. Mkifika kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, omba askari wa kike na chumba cha faragha, kisha hakikisha maelezo yanasomwa tena kwa Kihadzabe kabla mama hajaweka dole gumba. Mweleze pia kwamba, katika makosa ya kujamiiana, Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake ikiridhika kuwa anasema kweli. Wakija watu na pendekezo la kulimaliza shauri la ubakaji kwa mbuzi, waambie waziwazi kwamba kosa hilo si la kusuluhishwa kijijini. Hata hivyo usimsukume mama. Mweleze njia zilizopo, mpe muda, na umsikilize.

Sasa tuje kwenye viti. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na wasiopungua 3 lazima wawe wanawake. Katika halmashauri ya kijiji, angalau robo ya wajumbe ni wanawake. Tatizo ni kwamba Wahadzabe ni wachache ndani ya vijiji vyao wenyewe, hivyo viti hivyo vinaweza kujazwa na wanawake wa makabila makubwa, na hesabu ikaonekana kamili. Omba majina ya wajumbe, usiridhike na idadi. Kumbusha pia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na kwamba hati ya hakimiliki ya kimila waliyopata Wahadzabe wa bonde la Yaeda mwaka 2011 ni ya jamii nzima, wanawake wakiwemo.

Uchaguzi unapokaribia, pita kambini na uwahimize wanawake wawili au zaidi wagombee, kwa kuwa mmoja akiwa peke yake ni rahisi kunyamazishwa. Shauri mkutano ufanyike karibu na kambi, alasiri, baada ya wanawake kurudi kutoka kuchimba mizizi. Mkutano ukimalizika, mwombe mtendaji asome muhtasari kwa sauti, mkalimani autafsiri, na kila mwanamke aliyezungumza athibitishe kwamba maneno yake yamo kabla haujatiwa saini.