Maswali ya balagha katika Kikantoni: anza na "kwani"
Anayejifunza Kikantoni, lugha ya Hong Kong na Guangzhou, afadhali azoee mapema maswali yasiyongoja jibu, na sisi tuna bahati, kwa kuwa "m4 tung1" (唔通, tarakimu ni alama za toni) hufanya kazi ya "kwani" yetu mwanzoni mwa swali: "M4 tung1 ngo5 m4 zi1 me1?" ni sawa na kusema, "Kwani mimi sijui?" Kiishio "me1" (咩), kinachotamkwa kwa toni ya juu, ndicho kinachobeba mshangao au shaka, na hapo ndipo ninapoomba uangalifu mkubwa, kwa sababu ukimwambia mtu "Nei5 m4 zi1 me1?" atasikia "Kwani hujui?", jambo linaloweza kumuudhi, ilhali wewe ulitaka habari tu. Kwa swali la kawaida sema "Nei5 zi1 m4 zi1?", yaani "Unajua au hujui?" Kwa kukana kwa nguvu kuna "bin1" (邊), neno la kuulizia "wapi" au "ipi": "Ngo5 bin1 jau5 gong2?" humaanisha "Nimesema wapi mimi?", na anayeisikia anaelewa kwamba hukusema.