Kupima chembe zinachukua muda gani kufika msawazo (kusambaa nusu kwa nusu), kwa Python

Kuna dogo wa fizikia nilikuwa namsaidia projekti ya kuiga kwa kompyuta chembe zinavyosambaa, chembe zake hazitulii, grafu inapanda inashuka tu. Naandika hapa maana sio yeye peke yake.

Hatua ya 1. Python, NumPy (maktaba ya hesabu) na Numba (inaharakisha kodi ya Python). Msiniletee Excel. Bila Numba hizi lupu utazisubiri mpaka uchoke.

Hatua ya 2. Vyumba 100 kwenye mstari, 50 vya mwanzo weka 1 (kuna chembe), vilivyobaki 0.

Hatua ya 3. Chukua chumba na jirani yake wa kulia, badilishana vilivyomo. Rahisi eeh? Hapa ndo watu wanapotelea. Ukienda kwa mpangilio, cha kwanza mpaka cha mwisho, kilichokuwa chumba cha kwanza kinaingia cha pili, halafu hicho hicho kinabebwa cha tatu, cha nne, mpaka mwisho wa mstari ndani ya raundi moja, na vingine vyote vinasogea kushoto hatua moja. Umeandika sheria ya majirani lakini chembe imevuka mtaa mzima! Hapo hakuna kusambaa, unazungusha tu, baada ya raundi 100 umerudi ulipoanzia, na ndo grafu ya dogo ile. Kuna wanaosema rusha sarafu, badilisha nusu ya mara. Itatulia ndio, ila kama mara mbili haraka kuliko sarafu hiyo hiyo ukiokota jozi kwa bahati nasibu, sababu chembe bado inaweza kubebwa vyumba kadhaa kwenda kulia. Kwa hiyo acha sarafu, okota jozi yoyote ya majirani kwa bahati nasibu, badilisha, rudia. Ukiokota mara 100 hesabu raundi moja (vyumba vikiwa 200, okota 200, usisahau hii).

Hatua ya 4. Kila raundi toa chembe za nusu ya kulia kutoka za nusu ya kushoto. Inaanza 50 inaelekea 0. Hata ikishatulia inachezacheza kama 5 juu na chini, so rudia jaribio zima mara 200 upate wastani, chora kwa skeli ya logi (logarithm), soma mteremko kati ya raundi 500 na 3,000.

Hatua ya 5. Muda wa kushuka hadi asilimia 37 kwa mteremko huo (1 gawanya kwa mteremko) utatoka kama raundi 1,010. Vyumba 200 na chembe 100: kama 4,050. Urefu mara mbili, muda mara nne, yaani urefu kipeo cha pili gawanya kwa pai kipeo cha pili, ni mlinganyo wa joto wa Fourier wa 1822 huo.

Hatua ya 6. Sasa okota vyumba viwili popote, sio majirani. Muda ule wa asilimia 37 unakuwa nusu raundi tu, mstari uwe wa 100 au 10,000. Mwisho ni ule ule, nusu kwa nusu.

Hatua ya 7, naipenda zaidi. Rudisha majirani, ila mara 1 tu kati ya 1,000 ruhusu kuruka popote. Kwa vyumba 100 muda unashuka mpaka kama 330, kwa 200 kama 440 badala ya ile 4,050. Hapa soma mteremko mapema zaidi, ukifika raundi 3,000 ni kelele tupu.